Kuondoka kwa Wilhelmina Mashineni Bila Kukabidhi Zamu

Antoni Chenge,
Busisi, jirani na gati ya pantoni.
14 Novemba 1994

Ndugu Ndalahwa (Shemeji),
Usagara.

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA DADA YAKO WILHELMINA KUACHA MASHINE YA KUJAZIA RISASI KATIKATI YA UZALISHAJI

Ndugu Shemeji,

Kichwa cha habari hapo juu kinajieleza chenyewe, ila kwa kuwa wewe ni mtu wa ng'ombe na si mtu wa ofisi, nitakieleza tena taratibu. Mimi ni mzima, isipokuwa sili vizuri, na hilo nitalifikia katika namba yake.

Sasa ni wiki ya tatu tangu dada yako, ambaye ni mke wangu wa ndoa ya kanisani na ya ng'ombe pia, apande pantoni na kuja kwako Usagara na furushi la nguo na sufuria kubwa. Najua wewe na wazee wa hapo mnanisubiri nije. Shemeji, sitakuja. Mila zetu unazijua kuliko mimi. Mwanamume anayevuka maji kumfuata mke kwao amekwisha kukiri kosa kabla hajafungua mdomo. Ataketishwa kwenye kigoda kifupi kuliko vya wenzake, atahojiwa na wajomba, atahojiwa na shangazi, na mwisho atatozwa mbuzi. Mimi sina kosa, kwa hiyo sivuki. Badala yangu navusha barua hii, na naomba ieleweke tangu mwanzo kwamba barua si mtu.

Ili uelewe uzito wa malalamiko, lazima ujue mashine ilipatikanaje. Unakumbuka kiwanda cha kuchambua pamba nilichokitumikia miaka ishirini na mbili kilivyofungwa. Tuliambiwa ni mageuzi, kwamba sasa soko ni huria na kila mtu ajitegemee, tukapewa mkono wa kwaheri na soda. Mimi sikulalamika. Nilirudi nyumbani nikakaa. Nilikaa mpaka Wilhelmina akaniuliza kama naumwa. Shemeji, mtu aliyezoea kuamka na king'ora cha kiwanda, ukimwondolea king'ora hajui tena asubuhi inaanza saa ngapi.

Nilibakiwa na kitu kimoja cha heshima, nacho ni shotigani yangu yenye leseni. Ndiyo pekee upande wetu wa ufuko. Viboko wakipanda kutoka ziwani kuja kula mpunga na viazi vya watu, ni mimi ninayeitwa. Napiga moja hewani, kiboko anarudi majini, watu wanasema asante Bwana Chenge, na mimi narudi nyumbani nikitembea polepole ili wanione. Shida ilikuwa risasi. Dukani mjini unaambiwa leo hakuna, uje kesho, na kesho unaambiwa za jana zimekwisha.

Ndipo nikasikia kuwa Mzungu mmoja, fundi wa majokofu katika kiwanda cha minofu ya sangara kule Mwanza, amemaliza mkataba na anauza vitu vyake. Nikaenda. Wengine walinunua vitanda na jiko. Mimi nilionyeshwa mashine mbili za kujazia risasi upya, kwa sababu huko kwao, alinieleza bila kuona aibu, watu wazima hurusha visahani vya udongo hewani na kuvipiga kwa bunduki, na visahani vyenyewe havijala mpunga wa mtu yeyote.

Mashine ya kwanza ilikuwa ndogo. Unaweka ganda la risasi, unavuta mkono wake wa chuma, inafanya kazi moja. Unalihamisha ganda, unavuta tena, inafanya kazi nyingine. Ya pili ilikuwa kubwa, na juu yake sahani ya chuma inayozunguka yenye vituo vitano. Ukivuta mkono mara moja, vituo vyote vinafanya kazi kwa pamoja: hapa fataki iliyotumika, yaani kile kidude cha kuwashia baruti, inang'olewa, pale mpya inaingizwa, pale baruti inamwagika, pale zinaingia chembe za risasi, na mwisho mdomo wa ganda unafungwa. Kila mvuto, risasi moja inaanguka kwenye boksi.

Mzungu alinishauri nichukue ndogo. Aliniuliza napiga risasi ngapi kwa mwaka. Nikamwambia ukweli, kwamba mwaka uliopita nilipiga mbili, na moja ilikuwa ya mkesha wa Mwaka Mpya. Akasema kubwa ni ya mtu mwenye haraka, na mimi sionekani kuwa na haraka. Akasema inataka kulishwa kila upande, kwa hiyo mtu mmoja itamhangaisha. Akasema pia kwamba kosa likiingia katika kituo cha kwanza hulioni mpaka lifike cha tano, na nyuma yake liko kundi zima. Nilimshukuru kwa ushauri, nikachukua kubwa. Mimi ni mtu wa kiwanda, Shemeji. Mashine inayofanya kazi moja ni kinu tu, na kinu tayari kipo nyumbani.

Usije ukadhani sikufuata taratibu. Nilikwenda kituo cha polisi kuuliza kuhusu kibali cha kujaza risasi nyumbani. Ofisa alinisikiliza kwa adabu, akasema jambo hilo halijawahi kuulizwa. Nikamwuliza kama jambo lisilowahi kuulizwa ni ruksa au ni marufuku. Akaniambia nirudi Jumatatu. Hakutaja Jumatatu ipi, na mimi naisubiri mpaka leo, ila sikuona sababu ya mashine kusubiri pamoja nami.

Sasa nakuja kwenye malalamiko yenyewe.

1. MEZA. Mashine ya namna ile haikai juu ya kigoda. Ukivuta mkono, lazima chini yake pawe na kitu kisichotikisika. Nyumbani kitu kisichotikisika kilikuwa kimoja tu, nacho ni meza ya mninga ambayo marehemu baba yenu alimpa Wilhelmina siku anaolewa. Niliitoboa matundu manne, nikaifunga mashine kwa bolti na nati kama inavyotakiwa. Dada yako alikwenda akachukua mkeka, akautandika, na tangu siku hiyo tukawa tunakula chini. Lakini kila akiinama kuweka bakuli alikuwa akishusha pumzi ndefu, na pumzi hiyo, Shemeji, aliielekeza kwangu.

2. MOTO. Baruti na moto havikai nyumba moja. Hilo si neno langu, ni jambo linalojulikana. Kwa hiyo nilitoa agizo kwamba asipike jikoni, kwa sababu jiko letu limegusana na sebule, na asipike uani, kwa sababu upepo wa ziwa hauna nidhamu. Nikapiga marufuku kibatari pia. Wilhelmina akahamishia mapishi kwa jirani yetu Ojwang, yule mvuvi aliyehamia kutoka pande za Mara, akawa anapika pamoja na mke wake Amondi. Matokeo yake, ugali ulinifikia umepoa, na Ojwang alikuwa amekwisha kujipakulia. Jioni tulikaa gizani. Kwa mtu mwenye subira giza si tatizo. Dada yako alidai haoni kama anazungumza na mume au na mlango.

3. NIDHAMU KAZINI. Kama Mzungu alivyosema, mashine ilitaka mikono minne. Nilimwajiri Wilhelmina. Hakuna mke hapa Busisi aliyepewa ajira na mumewe mwaka huu, soko huria au lisiwe huria, lakini mimi nilimpa, na wiki ya pili nikampandisha cheo kuwa Msimamizi wa Kituo cha Kwanza hadi cha Tatu. Nilipiga filimbi saa moja asubuhi ya kuingia na saa nne ya chai. Chai yenyewe ilikuwa kwa Amondi, kwa hiyo mapumziko yalirefuka, na nilimwonya kwa hilo.

Siku moja, kazi imechanganya, mimi navuta mkono na yeye analisha maganda, akaweka kiganja chake juu ya sahani, akaisimamisha mashine. Katika miaka yangu ishirini na mbili kiwandani, hakuna mfanyakazi wa kawaida aliyewahi kusimamisha mashine. Mashine husimamishwa na injinia, au na umeme. Nilimwambia aondoe mkono. Akasema bomba la baruti limeziba tangu asubuhi na haidondoki hata punje. Nikamwambia hiyo si kazi ya kituo chake. Tukaendelea. Mchana nilipofungua risasi chache kukagua, niliona kwamba bomba la baruti lilikuwa limeziba tangu asubuhi. Boksi zima lilikuwa na risasi nzuri kwa macho, ambazo kiboko angeweza kuzitafuna.

Nilimwandikia barua ya onyo kwa kusimamisha mashine bila idhini. Aliipokea kwa mikono miwili, akaisoma, akaikunja vizuri. Jioni Ojwang alikula maandazi yaliyofungwa ndani yake.

4. UHARIBIFU WA MALI. Baruti aliyoniachia Mzungu iliisha, na nyingine haikupatikana. Mashine ikasimama. Nilikuwa nakwenda kuitazama kila asubuhi, na nakiri kwamba filimbi niliendelea kuipiga. Siku moja nimetoka kumsaidia Ojwang injini ya mtumbwi wake, narudi nakuta dada yako ameifungua mashine yote, ameichemsha kwenye maji ya moto na sabuni ya kufulia, na ameianika juani vipandevipande kama vyombo vya harusi. Grisi yote imetoka. Mabomba yangu mawili, la baruti na la chembe, ameyatupa stoo na kuweka mapya ya bati aliyochongewa na fundi wa ndoo. Nikamwuliza kulikoni. Akasema amechoka kuishi na chuma kisichokuwa na kazi, wakati tayari anacho kingine. Nilitazama sebuleni kote nikitafuta hicho kingine sikukiona.

Kisha akaifunga tena, mwenyewe, bila mchoro. Hilo sitalisamehe kirahisi, kwa sababu aliifunga sawasawa.

5. MATUMIZI YASIYOIDHINISHWA. Katika bomba la kwanza alitia bizari. La pili alitia pilipili manga nzima, ambayo, kwa bahati mbaya sana, ina ukubwa uleule wa chembe za risasi na inateremka bila kukwama. Maganda alitumia yale mapya ya plastiki niliyouziwa pamoja na mashine, ambayo hayajawahi kuona baruti, na fataki hakuweka, alikitoa kile kituo kabisa. Mvuto mmoja, ganda limejaa kipimo kimoja cha viungo na mdomo umefungwa vizuri, hakiingii kidudu wala unyevu. Ganda jekundu viungo vya pilau, la manjano bizari tupu, la kijani iliki ya chai.

Shemeji, kinachonitia uchungu ni kwamba ilifanya kazi vizuri kuliko wakati wangu. Bomba halikuziba hata siku moja.

Akaanza kuuza pale gatini kwa abiria wanaosubiri pantoni, na unajua mwenyewe foleni ya pale, mtu anaweza kuoa na kuachika kabla hajavuka. Watu wakazipenda kwa sababu hazimwagiki kwenye mkoba. Madereva wa malori walibeba za kupeleka Geita. Nasikia askari mmoja kule barabarani alimteremsha dereva kwa kukutwa na risasi mkoba mzima, zikafunguliwa kwa uangalifu mkubwa, wote wamelala chini, na mchana ule askari wote walikula pilau. Jina langu likaanza kupotea. Nilikuwa nikipita gatini watu wanasema yule ni mume wa Mama Risasi. Mimi, ambaye bunduki ni yangu, leseni ni yangu, na mashine niliichagua mwenyewe.

Nataka uzingatie kwamba katika kipindi hicho alipiga filimbi ya saa moja yeye mwenyewe, na mimi nikajikuta nalisha maganda kituo cha kwanza. Cheo changu hakikutajwa.

6. TUKIO LA KIBOKO. Hapa ndipo pazito. Jumamosi moja jioni, giza linaanza kuingia, Amondi alikuja mbio akasema kiboko yuko kwenye majaruba ya mpunga, mkubwa, na yuko peke yake. Kiboko wa peke yake ni mkorofi. Nilishika bunduki nikaingia ndani kuchukua risasi rafuni. Ndani kulikuwa giza kwa mujibu wa agizo langu namba mbili hapo juu, ambalo sikuwa nimelifuta. Nilipapasa, nikakamata mbili, nikatoka.

Watu walikuwa wamejaa kwenye tuta. Ojwang na watoto wake walikuwapo, na wanawake wote wa gatini, na dada yako alikuwapo pia akiwa na kanga ya manjano. Nilisogea karibu kuliko ninavyosogea siku zote. Sitakuficha kwamba nilitaka waone, hasa yule wa kanga. Nikaelekeza bunduki juu, nikavuta. Ikasema ta, kimya. Nikavuta ya pili. Ta. Kiboko akainua kichwa akanitazama, na mpunga unaning'inia mdomoni.

Nikaikunja bunduki kuangalia kuna nini. Nililikwanyua ganda moja kwa kucha, karibu na uso, kwa sababu mwanga ulikuwa hafifu, na upepo wa ziwa ukavuma wakati huohuo. Lilikuwa jekundu. Pilau.

Nilipiga chafya, Shemeji. Sikupiga moja. Nilipiga chafya mpaka nikapiga magoti kwenye matope, macho hayaoni, natoa sauti ambazo sikujua kama ninazo. Kiboko alisimama akasikiliza kwa muda, halafu akageuka akashuka majini, na hajarudi mpaka leo. Wataalamu wanaweza kusema kwamba lengo lilifikiwa. Lakini watu walicheka. Ojwang alicheka mpaka akashikiliwa. Amondi alikaa chini. Na dada yako, aliyekuja mbio kunifuta macho kwa pindo la kanga, alikuwa ananifuta huku mabega yanamtikisika.

7. KUHUSU NENO NINALODAIWA KULITAMKA. Imeenezwa huko Usagara kwamba nilimfukuza mke wangu mbele za watu. Nakanusha. Nilichosema, nikiwa bado nimepiga magoti na sioni, ni: Nenda. Sikutaja wapi. Sikutaja lini. Mtu mwenye nia njema angeweza kulielewa neno hilo kwa njia nyingi, kwa mfano aende akaniletee maji ya kunawa. Wilhelmina hakuuliza ufafanuzi. Aliacha kunifuta. Alinyanyuka, akakung'uta kanga, na kesho yake pantoni ya kwanza ilimvusha.

Alipoondoka hakukabidhi zamu. Hakuna aliyeniambia kipimo cha iliki ni kipi. Hilo kwa sheria za kiwanda chochote ni utoro.

8. HALI ILIVYO SASA. Wateja wanaendelea kuja. Wanapiga hodi, nafungua, wanatazama nyuma yangu. Nilijaribu kuzalisha peke yangu. Mkono wa kulia unavuta, wa kushoto unalisha, na sahani inazunguka kabla hujawa tayari. Nilitoa maganda mekundu yenye iliki na ya kijani yenye hewa. Dereva mmoja alirudisha akasema pilau yake imekuwa chai. Nimefuta marufuku ya kibatari. Sasa nakiwasha kila jioni nakiweka karibu na mashine, naona vizuri sana, na hakuna cha kuangalia.

Jikoni pia naruhusu moto. Nimepika mara kadhaa. Ojwang alionja, akaniambia kwa upole nirudi kula kwao. Nimekwenda. Amondi ananipakulia vizuri, lakini kila nikiweka tonge mdomoni ananitazama kama mtu aliyefiwa asiyejua kama kafiwa, na watoto wao wameambiwa wasiniulize kitu. Chakula cha namna hiyo hakipiti kooni.

Filimbi nimeacha kuipiga. Hakuna wa kuisikia.

Kutokana na maelezo hayo, namaliza kwa maombi yafuatayo, ambayo nayaona ni ya haki:

(a) Umwamuru dada yako arejee kazini mara moja. Muda aliokaa kwako utahesabiwa kuwa ni likizo, ingawa hakuiomba.

(b) Ikishindikana, uniletee mtu wa kushika nafasi yake. Awe na mikono miwili, asivute sigara, ajue kuifungua mashine na kuifunga bila mchoro, ajue kunifuta macho, na awe amezoea hasira zangu kwa muda usiopungua miaka kumi na tisa. Nimetafuta hapa Busisi, sijampata.

(c) Ikishindikana na hiyo, uje wewe mwenyewe Shemeji. Ulikuwapo siku ng'ombe wangu wanaingia kwenye zizi lenu, ukawapiga migongo mmoja mmoja ukisema ni wazuri. Kwa hiyo udhamini ni wako. Kituo cha kwanza hadi cha tatu si kigumu. Utapewa filimbi.

(d) Wazee wa hapo waelezwe kwamba sikukataa kuja kwa kiburi. Nimekataa kwa kanuni. Mwanamume akivuka maji leo kwa sababu ya neno moja lisilotaja mahali, kesho wanaume wote wa kanda ya ziwa watakuwa kwenye pantoni, na magari yatakosa nafasi.

(e) Kuhusu mbuzi, msimamo wangu ni kwamba hakuna mbuzi.

Ninatarajia utekelezaji wako wa haraka, na nabaki kuwa shemeji yako asiye na hatia,

Antoni Chenge
Msimamizi Mkuu wa Uzalishaji (kwa sasa peke yangu)

Wasalimie wote wa hapo nyumbani, wajomba na shangazi, hata wale wanaonisema. Waambie watoto wako shikamoo zao nimezipokea na marahaba nawapelekea. Mama mkwe, Bibi Tereza, msalimie kwa heshima na kwa mbali, kama inavyopasa. Wilhelmina usimsalimie, ila ukimwona hana nguo ya baridi mwambie ile sweta yake ya kahawia aliisahau nyuma ya mlango.

Nyongeza. Shemeji, kuhusu namna barua hii ilivyokufikia. Nilikusudia kumpa dereva yeyote gatini, lakini kila niliyemtazama sikumwamini. Mmoja alikuwa na haraka mno, mwingine hakuwa na haraka kabisa. Nikaona niivushe tu mpaka Kigongo, nimpe mtu wa upande ule. Kigongo palikuwa na basi linaloondoka, na kondakta wake nilimwona ni mtu wa maneno mengi, kwa hiyo nikapanda ili nimsimamie.

Kwa ufupi, niko hapa kwako. Nimekaa nje ya ua, kwenye jiwe lile la kunolea visu, tangu saa tatu. Nimeambiwa wewe umepeleka ng'ombe joshoni kuogeshwa dawa ya kupe na utarudi jioni. Kuingia siwezi, kwa sababu mama mkwe ameketi mlangoni anachambua mchicha, na mimi siwezi kupita mbele yake, na yeye anajua siwezi, na mchicha wenyewe naona hauishi. Mbuzi nimemfunga kwenye mti wa mpera. Ni jike, bado mdogo, lakini ana afya. Akila kitu cha mtu nitalipa.

Naandika haya juu ya goti. Wilhelmina amepita mara mbili na ndoo kichwani. Mara ya kwanza hakunitazama. Mara ya pili alisimama, akamtazama mbuzi, akanitazama na mimi, akaingia ndani. Sasa hivi ametoka tena. Ameweka juu ya ukuta kikombe cha chai na kiazi cha moto, amevifunika kwa sahani ili visipoe, kisha amevuta kigoda akakaa upande wa pili wa ukuta. Hajaondoka. Naiona kanga yake kwa juu.

Kwa hiyo Shemeji, ukirudi kutoka joshoni, pita taratibu, na barua hii usiijibu.

A.C.